Nyinyoro za Barabara ya Habaswein

Niliripoti katika kambi ya barabara ya Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana Mkamba mwenye leseni ya greda, ile mashine ndefu yenye wembe wa chuma tumboni wa kusawazisha murram, udongo mwekundu wa barabara. Msimamizi wa Barabara, Msomali asiyependa maneno mengi, alinitazama miguu mpaka kichwa. "Beba maji kwanza," akasema. "Dizeli itafuata."

Baadaye nilihamishiwa Habaswein, yeye akiwa bado mkubwa wangu. Ukame ulikuwa umekaza. Ng'ombe walikufa, kisha ngamia, na ukiona ngamia anakufa ujue hali imefika mwisho. Jirani na kambi aliishi mama mzee tuliyemwita Ayeeyo, yaani bibi. Alibaki na mjukuu mmoja, Sahra. Homa ikamchukua Sahra. Wazee walimswalia, sisi wa kambi tukasaidia kuchimba, akazikwa kwenye uwanda mtupu. Ayeeyo hakulia mbele ya watu.

Kisha mvua ikanyesha mfululizo, ikakata barabara. Mhandisi wa Garissa akaamuru tuchonge mchepuko, njia ya muda ya kupitisha malori ya chakula. Msimamizi akapiga vigingi kuvuka uwanda ule. Mafuriko yalikuwa yamesomba mawe ya kaburi, hakuna aliyejua tena lilipo.

Asubuhi nilipofika na greda, uwanda wote ulikuwa mweupe. Maua ya nyinyoro, hadi macho yanapoishia, juu ya udongo ambao sikuwahi kuuona na jani. Harufu yake ilishinda ya dizeli. Katikati ya laini ya vigingi alisimama Ayeeyo.

Nikazima injini, nikashuka.

"Mtoto yangu iko hapa," akasema, akionyesha miguuni pake.

Nikamwambia kanisani kwetu ua kama hili huwekwa mbele siku ya Pasaka, na kwenye picha malaika hulishika akimwendea Mariamu.

"Maryam ni yetu pia," akasema. "Mimi nauliza Mungu kila siku, huyu mtoto ataamka namna gani kwa udongo kavu hii. Sasa naona."

Msimamizi alifika, akatazama, akavua viatu. "Subhanallah," akasema polepole. Halafu akanigeukia. "Ng'oa kigingi. Zunguka."

"Mhandisi anataka laini iliyonyooka, mzee. Na malori yanangoja."

"Malori itabita. Mhandisi niachie mimi."

Tulifanya kazi bila kupumzika, malori yakapita kesho yake. Mhandisi alipokuja kukagua, aliuliza kona ile ni ya nini. Msimamizi akampeleka kwa miguu hadi kwenye maua. Waliporudi, kona ikabaki.

Nilichonga barabara hadi Rhamu kabla ya kustaafu. Maua yale hayakukaa, jua liliyakausha upesi. Lakini padri akisoma habari za ufufuo, mimi humwona Ayeeyo ameinama kwenye weupe ule, amefumba macho, akivuta harufu taratibu, kama mtu anayenusa utosi wa mtoto aliyetoka kuoga.