Aliyekaribishwa Mara Kumi na Tisa

Mhudumu wa wodi ya wanaume alitoka zamu saa moja na nusu asubuhi, akiwa ameosha wagonjwa kumi na wanane, ametandika vitanda ishirini na viwili, na amegombana na mzee mmoja aliyekataa katakata kugeuzwa ubavu. Alivua viatu vya mpira langoni, akavaa vya ngozi, akavuka barabara. Saa mbili na nusu alitakiwa kuwa darasani, kwenye chuo cha uuguzi, ambako alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye umri wa miaka arobaini na sita.

Darasani walimwita Mama Wodi. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Wote walimwamkia shikamoo, hata yule wa nyuma mwenye ndevu, na kila alipoingia kulikuwa na mtu wa kuinuka na kumpisha kiti cha mbele. Heshima ni jambo jema, ila ina baridi yake: anayeheshimiwa sana hakuna anayemnong'oneza kile ambacho mwalimu anapenda kuuliza.

Anatomia ilikuwa imemwangusha muhula uliopita. Alipata thelathini na nane, na ya kufaulu ilikuwa hamsini. Kurudia kuliruhusiwa mara moja tu. Akianguka tena jina lake lingefutwa, naye angerudi kwenye mabeseni na mashuka mpaka kustaafu. Mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alimpigia simu kutoka barabarani akamwambia, "Mke wangu, samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe umeshakauka, unajitesa nini?"

"Mimi si samaki," alimjibu, akakata simu. Kisha akakaa kitandani dakika kumi akijiuliza kama kweli.

Kila Alhamisi saa saba mchana, ushirika wa wanafunzi Wakristo ulikutana chumba cha mihadhara namba nne. Alikuwa amesikia kwamba wenye ushirika husaidiana kusoma, na kwamba kabla ya mitihani kila mtu huombewa kwa jina lake. Hilo la jina ndilo lililompeleka. Alitaka litajwe na mtu asiyemtuma kazi.

Alhamisi ya kwanza walimpokea kama bibi harusi. Vijana wa mapokezi, waliovaa fulana za kijani, walimwomba asimame, chumba kizima kikamwimbia wimbo wa kukaribisha wageni, akapigiwa makofi, akapewa pipi ya mnanaa na kadi yenye maua iliyoandikwa "Hapa ni kwenu." Aliandikwa kwenye kitabu cha wageni. Alirudi wodini siku hiyo akiwa mwepesi.

Alhamisi ya pili walimsimamisha tena. Ya tatu hakusimama, lakini kijana wa fulana ya kijani alimwona kwa sare yake ya wodi, akamjia mpaka pale alipoketi. "Mama, usione haya. Simama tukuone!" Akasimama. Ya sita aliulizwa mlangoni:

"Karibu mama! Umekuja kumtembelea mwanao?"

"Nimekuja kusali."

"Bwana asifiwe! Na mwanao yuko bweni gani?"

Kadi zilimlundikia. Akawa anazitumia kutia alama kwenye kitabu cha anatomia: moja kwenye fuvu, moja kwenye mbavu, tatu kwenye nyonga, ambayo ilimshinda kabisa. Angeweza kuacha kwenda. Lakini ile ilikuwa saa pekee ya mchana ambayo aliketi bila mtu kumwambia leta hiki, peleka kile, na mwili uliochoka haubagui kiti.

Alhamisi ya kumi na tisa ndiyo iliyotangulia wiki ya mitihani. Mwenyekiti wa ushirika alisimama na karatasi, akaanza kutaja majina. Alisoma kwa mabweni, maana mambo yote ya ushirika yalikwenda kwa mabweni: vikundi vya maombi, vikundi vya kusoma, hata kuangalia wagonjwa. Bweni la kwanza, majina thelathini na moja. Bweni la pili, ishirini na saba. La tatu, arobaini kasoro moja. Wanaorudia mitihani walitajwa mara mbili, na watu wa bweni lao waliwashika mabega.

Mama Wodi aliinamisha kichwa akasubiri. Karatasi ikaisha.

"Na wageni wetu," mwenyekiti akamalizia, "Bwana awarudishe salama walikotoka."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kilikuwa cha kuchoka tu, kama mtu aliyetua mzigo akakuta ameutua juu ya mguu wake mwenyewe. Wawili watatu waligeuka kumtazama, wakamtabasamia kwa adabu.

Baada ya amina ya mwisho alimfuata katibu wa ushirika, binti makini mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Jina langu halikusomwa."

"Shikamoo mama. Jina la mwanao?"

"Langu mimi. Ninasoma hapa, mwaka wa kwanza. Narudia anatomia Jumanne."

Katibu alifungua daftari lake, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. "Uko bweni gani?"

"Sina bweni. Nina nyumba, mume na watoto watatu."

"Sasa mama, fomu ya uanachama ina nafasi ya bweni na namba ya chumba. Isipojazwa haipokelewi. Ndiyo maana..." Hakumaliza, maana na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulisikia lile alilokuwa akilisema.

"Mwanangu, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hii ni wiki ya kumi na tisa, na jembe mmeninyima."

Uso wa katibu ukachangamka kama mtu aliyepata jawabu la hesabu. "Basi tukupe jembe, mama! Tulikuwa tunatafuta mlezi. Uwe mama yetu wa ushirika. Utatushauri, utaangalia mabinti, siku za mkesha utatusimamia chai..."

Hapo Mama Wodi akaketi. Hakuambiwa aketi.

"Sikiliza," alisema polepole. "Nyumbani mimi ni mama. Wodini wanaume wenye mvi wananiita mama wakitaka kugeuzwa. Jembe hilo ninalo, na mpini wake umenitoa malengelenge. Hapa sikuja kuwa mama wa mtu. Nilikuja nisome, niombewe, niambiwe sogea huko kama mwenzenu."

Katibu alirudisha kalamu mfukoni. Nyuma yake, msichana waliyemwita Kinanda, kwa sababu ndiye aliyepiga kinanda cha ushirika, alikuwa akikunja waya. Aliutupa waya mezani.

"Na mimi narudia anatomia," alisema. "Nilipata ishirini na tisa. Wewe?"

"Thelathini na nane."

"Ala! Umenipita, halafu unalia? Kesho saa kumi tunasoma kwenye ngazi za maabara. Njoo. Shikamoo sitakupa, nitakuwa nimechoka. Nikuite nani?"

Mama Wodi alimtajia jina lake. Ilibidi alirudie, maana mara ya kwanza lilitoka kwa sauti ndogo mno.

Ijumaa asubuhi katibu alimngoja mlangoni mwa darasa. Alikuwa na kitabu cha wageni kwapani na hakuonekana kulala vizuri.

"Nimekipitia chote," alisema. "Wanafunzi mlioandikwa kama wageni mko kumi na wanne. Nyote mnaishi nje ya chuo. Mmoja wa mwaka wa pili ameandikwa mara ishirini na sita."

"Huyo amenishinda."

"Kisha hayumo tena. Nimeuliza. Hakuna anayejua kwa nini aliacha kuja, hakuna hata anayemkumbuka sura." Akakihamishia kitabu kwapa la pili. "Tulimwimbia mara ishirini na sita, dada."

Hilo neno dada lilimtoka kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mama Wodi hakulicheka.

"Mtafuteni," alisema.

"Tutamtafuta. Na ninyi wengine tuwafanyie nini? Tulifikiri Alhamisi maalumu..."

"Msitufanyie sherehe, nakuomba. Futeni tu hiyo nafasi ya bweni."

"Lazima kamati ikae."

"Basi ikae," alisema, akaingia darasani, kwa sababu mwalimu alikuwa anakuja na yeye hakuwa na nguvu za kushindana na kamati.

Saa kumi alifika kwenye ngazi za maabara. Wasichana wanne walikuwa wameketi kwenye saruji yenye joto, kitabu kimoja katikati. Hakuna aliyeinuka.

"Sogea kushoto," alisema Kinanda bila kuinua macho, "unaziba mwanga."

Akasogea. Mchezo ulikuwa hivi: anayekosea hupanda ngazi moja, anakuwa mbali na kitabu, na anayepatia hushuka. Walipoulizana sehemu ambazo mgonjwa aliyelala muda mrefu hutoka vidonda, alizitaja zote kwa mfululizo, na mmoja akafungua daftari kuandika. Alishuka mpaka chini kabisa. Kisha ikaja mifupa minane ya kifundo cha mkono. Alitaja mitatu. Akapanda. Wakauliza tena, akataja minne, akapanda. Nyonga ikamalizia kazi. Alijikuta ngazi ya juu kabisa, mgongo ukiuma, amelala saa tatu tu, na zamu inamngoja jioni.

"Jamani, mwenzetu kafika mbinguni!" mmoja alipiga kelele, wakacheka wote, tena walimcheka yeye hasa, bila adabu hata chembe.

Aliegemeza kichwa kwenye nguzo, akafumba macho.

"Wewe! Usilale huko!" Kinanda alimfokea. "Jumanne hawatakuuliza ulikuwa umechoka kiasi gani."

"Silali," alisema. Akajifuta uso kwa kiganja na kushika chuma cha ngazi. "Uliza tena. Anzia mfupa wa kwanza, uende taratibu."