Dawa Ile Niliikubali Mwenyewe

Ndugu zangu, nimeombwa nisimame hapa kanisani niwaambie jinsi nilivyopona saratani. Nitasema. Lakini msitegemee nitasema kwa upole, maana hasira bado ninayo na sikuiacha pale mlangoni.

Mimi ni Martina, mke wa Bura, wa hapa hapa Rhotia. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa nguvu. Nililima mahindi na maharage, kuni kichwani, mtoto mgongoni. Miaka ile sabuni ilipoadimika madukani, nilikwenda Karatu kwa miguu kuitafuta, nikarudi, na jioni bado nikasonga ugali.

Uvimbe ulianzia shingoni, chini ya sikio. Ulikuwa kama punje ya harage na hauumi, nikaupuuza. Ukaja mwingine, na mwingine, shingo yote ikajaa. Nikilala natoka jasho mpaka godoro linalowa. Mwili ukawasha, nikajikuna hadi damu. Mama mkwe akanipeleka kwa mganga, akanichanja chale, zikatunga usaha. Zahanati wakasema ni kifua kikuu, wakanichoma sindano mpaka kukaa nikashindwa. Nikazidi kukonda.

Ndipo Bura akanipeleka Arusha kwa basi, na huko tukaelekezwa hospitali kubwa ambayo jina lake sitalitaja. Wakanikata kipande cha nyama shingoni wakakipima. Daktari akamgeukia Bura.

"Mkeo ana saratani ya tezi. Tutamtibu."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, ila hakuniangalia hata kidogo.

Kitanda cha jirani alilala Naserian, Mmaasai kutoka Malambo, mwenye ugonjwa kama wangu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini tulielewana. Nikitapika ananishikia beseni, akitapika namshikia. Kaka yake, Meng'oru, ndiye aliyemleta, na kila asubuhi alikuja kumjulia hali.

Jambo moja lilinishangaza. Dawa yangu ilikuwa nyekundu, yake haina rangi. Nikamuuliza daktari kwa nini.

"Wewe pokea tu, mama," akasema, akapita.

Asubuhi moja mama wa jikoni aliingia wodini na ndoo, akaita kwa sauti: "Wale wa majaribio, uji wenu huu!"

Meng'oru akasimama. "Majaribio gani?"

Nesi ndiye aliyejibu, amejiinamia. "Wanalinganisha dawa mpya na ya zamani. Nilidhani mmeambiwa."

Hakuna aliyetuambia. Daktari alipofika, Meng'oru alimuuliza mbele ya wagonjwa wote. Daktari akakunja uso.

"Mnataka kupona au mnataka maswali? Hata ningewaeleza, mngeelewa nini?"

"Mimi ng'ombe wa mtu simpi dawa nisiyoijua bila kumwambia mwenye ng'ombe," Meng'oru akasema. "Na huyu si ng'ombe. Ni dada yangu."

Akaanza kufunga vitu vyao. Nikamsihi amwache, maana Naserian alikuwa ameanza kupata nafuu, uvimbe wake umenywea.

"Nimwache kwa nani, mama? Hawa waliotuficha hili, wametuficha mangapi?"

Naserian alinishika mkono, mkono wake ukiwa na joto, kisha akajifunga shuka yake akaondoka.

Zamu yangu ya sindano ilipofika nikakunja mkono. Nikasema sichomwi. Daktari akafoka kwamba nitakufa. Nikamwambia, "Nitakufa nikijua. Kaa hapo uniambie unanifanyia nini."

Alitoka kwa hasira. Lakini kesho yake alirudi, akakaa kwenye kile kitanda kitupu, akanieleza. Dawa ya zamani iliponya baadhi ya watu. Hii nyekundu ilikuwa imewasaidia wengine ng'ambo, lakini hakuna aliyejua kama inaizidi ya zamani. Nywele zitanyonyoka, mkojo utakuwa mwekundu. Moyo unaweza kudhoofika. Huenda nisizae tena. Na nikikataa, nitapewa ile ya zamani, hakuna atakayenifukuza.

Alieleza kwa Kiswahili chepesi, na hakumaliza hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Hapo ndipo nililia, kwa uchungu. Kumbe alijua kueleza! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!

Nikamwambia, "Nimekubali. Nichome."

Nilitapika nyongo. Midomo ikachubuka ndani, hata maji yakawa moto. Nywele zikatoka kwa mafungu, mkojo ukawa mwekundu, nikaogopa, ila nilikuwa nimeambiwa. Hedhi ikakoma na sikuzaa tena. Lakini tezi zilinywea moja baada ya nyingine, nikarudi Rhotia nikashika jembe.

Nilikuja kuonana na Meng'oru kwenye mnada wa Karatu. Nikamuuliza habari za Naserian. Alitazama chini.

"Uvimbe ulirudi. Ulimkaba mpaka maziwa hayapiti. Tulimpeleka hospitali ya Endulen akiwa hajiwezi, akafia huko."

Kisha akaniuliza, "Wewe walikueleza?" Nikasema ndiyo, baada ya kugoma. "Wangetueleza na sisi," akasema, "mimi mwenyewe ningemshika mkono achomwe."

Namshukuru Mungu. Namshukuru Bura, na yule nesi aliyesema kweli. Daktari pia namshukuru, maana dawa yake iliniponya. Lakini nilimrudia nikamwambia Naserian amekufa, na kwamba kilichomwondoa kitandani ni kiburi chake yeye.

Nanyi mkiugua, msiikimbie dawa kwa sababu inajaribiwa. Hata ile ya zamani kuna watu walioijaribu kabla yetu. Lakini mtu asikuguse kabla hajakaa akakueleza. Na ninyi vijana mnaosomea udaktari, mgonjwa anaelewa. Mwambieni.