Aziza na Jeep Iliyozimika Njia ya Tunda

Watu wa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, walimsikia Aziza kabla ya kumwona, kwa sababu jeep yake ilikuwa na kikohozi kinachotangulia mbele ya mwenyewe. Ilikuwa gari la tangu enzi za Wabelgiji, halina milango, na kiti cha nyuma kilikuwa ubao tu. Mzungu mmoja mwenye shamba la michikichi aliliacha porini alipokimbia, na Bulaimu, mume wa Aziza, akalifufua.

Bulaimu alikuwa fundi hodari mwenye macho mabovu. Kila mwaka aliona kwa shida zaidi, mpaka ikawa mke ndiye anayeingiza mikono ndani ya injini na mume anakaa pembeni, anasikiliza na kuelekeza. Aziza alijifunza gari namna hiyo, kwa vidole na masikio. Kuendesha kulikuja kwenyewe, maana kipofu hakamati usukani. Wenye kusema walisema sana: mwanamke wa Kiislamu, wa ukoo wa watu wa heshima, anapita mbele ya msikiti na gia mkononi! Aziza aliwaacha waseme na kuongeza mwendo.

Kisha Bulaimu akafariki. Aziza alikaa eda yake mpaka ikaisha, na alipotoka tu, ukoo ukakutana juu ya urithi. Msemaji alikuwa Kasimu, kaka mkubwa wa marehemu, mchuuzi wa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Kasimu hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alikuwa na hakika na kila jambo.

"Gari bila bwana ni chuma," alisema. "Watu wa Kampene wanatafuta mashini ya kuvuta maji mu mashimo yao ya madini. Tuwape hii, tumalize."

Aziza aliumia. Jeep ile ndiyo iliyowalisha watoto wake, ikibeba mchele na mihogo ya watu kutoka vijijini. Tena kilikuwa kitu pekee duniani alichokijua kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Kukaa na kulia kungemfaa nani? Akajifunga mtandio vizuri.

"Shemeji," alisema kwa adabu, "mutoto wako Hawa ameolewa Tunda, na bado hajapelekwa kwake. Acha nimupeleke mimi na hii jeep. Ikifika, inabaki yangu. Ikikufa mu njia, muwape watu wa Kampene."

Wazee walitazamana wakacheka, wakakubali. Kwao lilikuwa jambo lililokwisha amuliwa.

Siku zile petroli mjini ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Kasimu mwenyewe aliihangaikia, kwa kuwa bibi harusi alikuwa bintiye, akaipata, akaihifadhi kwake ndani ya pipa mpaka siku ya safari. Walijaza tangi, wakasimama wima barabarani kungoja bendera ya chama tawala ipande, kama ilivyokuwa sheria kila asubuhi, na ilipofika juu wakaondoka. Kasimu alikaa mbele na kanzu mpya. Nyuma alikaa Hawa, amefunikwa, pamoja na shangazi yake Safi. Safi alikuwa amevaa kitenge cha chama chenye mienge, alama ya chama, kila mahali, si kwa mapenzi makubwa, ila ndicho kitenge pekee alichokuwa nacho ambacho hakijapauka.

Mvua ilikuwa imenyesha mpaka mapambazuko, na msituni kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma. Jeep ilikwenda vizuri, ikavuka daraja la magogo, ikaanza kupanda mlima. Ghafla ikapiga chafya, ikajikokota kidogo, ikazima.

Kasimu alikunja mikono kifuani. Hilo lilimuudhi Aziza kuliko maneno.

Alianza na moto. Alifungua buji moja, ile plagi ya kutoa cheche, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia Safi akanyage stata. Cheche ikaruka, ya samawati, safi kabisa. Kumbe moto upo. Akafungua mrija unaoingia kwenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ikamwagika mkononi mwake. Kumbe petroli nayo inafika. Aliporudisha mrija na kujaribu tena, injini ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua.

"Unaona? Ilichoka tu," Kasimu alisema.

Aziza hakufurahi hata kidogo. Ugonjwa uliojiponya wenyewe ni ugonjwa unaojua njia ya kurudi. Na kweli ulirudi: kwenye bonde lililofuata jeep ilizima tena. Safari hii, alipokuwa amefungua tu bati la injini, Kasimu aliomba wapumzike. Wakapumzika, wakala mikate ya Safi, na ilipowashwa ikawaka. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Sasa Aziza aliendesha huku anawaza mpaka kichwa kinamuuma. Ikitembea inakufa. Ikisimama inafufuka. Gari gani hili linaloponywa na kukaa? Kisha akakumbuka kwamba kila iliposimama, alipofungua bati, joto lilimpiga usoni. Gari likitembea, hewa ya msitu inaipoza kabureta. Likisimama, joto lote la injini linaipandia. Kumbe si kupumzika kunakoliponya. Ni joto!

Hapo, karibu na kijito, likazima kwa mara ya tatu.

"Tungoje," Kasimu alisema akishuka. "Itawaka yenyewe, sawa ile ya kwanza. Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Aziza alijibu, amekwisha ruka chini na ufunguo mkononi. "Shemeji, leo sitangoja. Mwizi iko mu nyumba. Tukingoja, atatoka, na tutasema hapakuwa muntu."

"Utaharibu gari! Kama unafungua hii kitu hapa mu pori, nani atairudisha?"

"Mimi."

Alisema neno hilo moja akijua kwamba Kasimu hakukosea. Chombo kile kina skrubu ndogo kama punje za mchele, na ikianguka moja kwenye majani, jeep imekwisha, na Kampene wameshinda. Aliomba mtandio wa Hawa autandike chini. Bibi harusi akauvua bila kuuliza, akabaki kichwa wazi mbele ya baba yake. Kasimu akageuza uso kutazama miti.

Aziza alifanya kazi upesi, chuma kikimchoma vidole. Alifungua kifuniko, akaitoa ile skrubu ya shaba yenye tundu nyembamba ambamo petroli hupita kuingia kwenye injini. Akaiinua kwenye mwanga. Haikuonyesha mwanga. Ilikuwa imezibwa na utando mzito, mwekundu. Aliukwangua kwa ukucha, akausugua kati ya vidole viwili, na hapo hapo ukayeyuka.

Mwanamke yeyote wa Kindu angekijua kitu hicho macho yakiwa yamefungwa. Ndicho kinachoganda chupani asubuhi ya baridi, nawe unakiweka karibu na moto kabla ya kupika sombe ya majani ya mihogo.

Hakupiga kelele. Alimwendea shemeji yake akamnyooshea vidole. Kasimu alinusa. Alikuwa ameuza mafuta ya ngazi tangu ujana, na pua yake haikuweza kumdanganya.

"Pipa," alisema polepole. "Pipa yangu. Lakini niliiosha."

"Uliosha na maji, shemeji. Mafuta hayasikii maji. Petroli njo ilikuja kuyaosha, ikayabeba mpaka huku."

Kasimu alikaa juu ya jiwe na kanzu yake mpya, akatazama vidole vyake. Aziza angeweza kusema mengi. Alikuwa nayo mdomoni tangu siku ya kikao, yamepangwa vizuri. Akayameza, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, na kwa sababu mzee alionekana kuumwa kweli.

Alichomoa ukuti mmoja kwenye ufagio wa chelewa uliokuwa katika vyombo vya bibi harusi, akapitisha ile njiti kwenye tundu, akapuliza, akapitisha tena, mpaka nukta ya mwanga ikaonekana. Akarudisha kila skrubu mahali pake. Lakini petroli yote ya tangi ilikuwa na mafuta yale yale, na mbele msitu ulikuwa bado baridi. Ilibidi joto lizuiwe ndani.

"Wifi," alimwambia Safi, "naomba kitenge yako."

Safi alikuwa na kingine kikuukuu kwenye furushi. Alijibadilisha nyuma ya mti, na kile cha mienge kikafungwa mbele ya rejeta, kimekazwa huku na huku, hewa ya baridi isipite. Mtu aliyekifunga upande wa kushoto, akipiga magoti kwenye matope, alikuwa Kasimu.

Jeep ikawaka. Ikapanda mlima, ikashuka bonde, haikukohoa. Aziza alisimama mara kwa mara kutazama maji yasichemke, akaendelea. Kwenye kizuizi cha njiani, askari waliona bendera nzima ya chama inawajia na gari nyuma yake, wakainua mti, wakapiga saluti. Safi alicheka mpaka akashika mbavu, na hata bibi harusi, aliyetakiwa kulia safari nzima, akacheka naye.

Waliingia Tunda jua likiwa bado juu, honi inalia, vigelegele vinawapokea tangu nyumba ya kwanza. Aziza alikuwa mweusi wa grisi mpaka viwikoni, na furaha ilimjaa hadi akaogopa kusema, asije akalia mbele ya watu.

Baba wa bwana harusi alikuja na mikono miwili, akaenda moja kwa moja kwa Kasimu.

"Mzee, asante kwa gari yako. Kama unakubali, kesho tungeiomba itubebee mchele wa karamu."

Watu wa ukoo waliotangulia tangu juzi kwa baiskeli walikuwa wamesimama pale, wale wale waliocheka kikaoni. Kasimu aliwatazama, kisha akatazama magoti ya kanzu yake.

"Mimi sina gari," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwenye gari njo huyu. Umuombe yeye."

Baba wa bwana harusi akageuka, akamwona mwanamke mwenye ufunguo mkononi, akajikohoza, akaomba upya tangu mwanzo, kwa adabu zote.

Aziza alitazama maji ya rejeta kwa mara ya mwisho. Kisha akafunga bati la injini.

"Niache nile kwanza, baba," alisema. "Halafu tutazungumuza."