Nyambizi ya Wifi Yangu

Sijamsamehe wifi yangu, na sioni sababu ya kuharakisha. Mama mkwe hunikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Humuuliza, maji gani?

Mimi na wifi tunafundisha shule moja, karibu na Kaole. Wifi ni wa Bagamoyo mjini, ukoo wa mabaharia tangu mababu. Mimi nimezaliwa Fukayosi, kwenye mihogo, nikaolewa na kaka yake. Tangu harusini alinitania kwamba mtu wa bara akiona maji ya magotini huita mama. Nilikuwa nacheka.

Kisha shule ikajengewa maabara. Mkuu wa shule akatangaza kwamba mwalimu atakayewaonyesha wageni wa wilaya somo bora ndiye atakayekabidhiwa. Miaka yote nilikuwa nimefundisha kwa chaki na mdomo. Niliitaka maabara ile kuliko nilivyotaka kuolewa.

Nikaunda nyambizi. Chupa kubwa niliifunga kifuniko barabara, ndani hewa na kokoto: hapo ndipo wanapokaa mabaharia. Ubavuni nikafunga chupa mbili ndogo zilizotobolewa chini, na juu nikazichomekea mpira wa dripu. Hayo ndiyo matangi. Ukinyonya hewa, maji yanaingia, chombo kinakuwa kizito kuliko maji kinayoyasukuma, kinazama. Ukipuliza, hewa inayafukuza maji, kinaibuka. Nyambizi za kweli hufanya vivyo hivyo, ila pumzi yao ni hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi. Niliiweka kwenye pipa la maji ya mvua, nikaongeza kokoto moja moja ndani ya chupa kubwa mpaka ikawa inazama polepole, bila papara.

Wifi alikuja kunywa chai, akauliza, nikamweleza kila kitu. Akaiazima awaonyeshe wanafunzi wake. Kwenye kikao cha walimu akasimama nayo mkononi na kusema wazo lilimjia mwenyewe.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

"Jamani wifi! Mtu wa Fukayosi vyombo vya majini utavijulia wapi?"

Walimu wakacheka. Mkuu wa shule naye akacheka. Nilitamani kumrukia. Nikaketi, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku mbili tatu kabla ya wageni kufika, nilimwambia mkuu kwa sauti ya asali kwamba nyambizi ndani ya pipa ni aibu, na bahari iko pale. Wifi akadakia kabla mkuu hajajibu: "Baharini ndiko kwetu!"

Angeweza kwenda kuijaribu. Lakini aliyezaliwa pwani haijaribu bahari. Alijifunza kuogelea humo, hajawahi kuogelea kwingine, kwa hiyo hakujua kwamba bahari humbeba mtu kuliko bwawa. Chumvi huyafanya maji kuwa mazito, na maji mazito hubeba zaidi. Nyambizi iliyosawazishwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ikitoka mtoni kuingia baharini, lazima iongezewe uzito. Hilo kwenye chai hakuniuliza.

Wageni walisimama mchangani na viatu vyao. Wifi akaingia majini hadi mapajani, akanyonya mpira. Matangi yakajaa. Nyambizi ikaelea. Akanyonya tena, akameza maji ya chumvi, akakohoa. Akaisukuma chini kwa kiganja, ikaibuka. Wanafunzi wakaanza kucheka chinichini. Utamu niliousikia sitaki kuuficha.

Mgeni mmoja akauliza kwa nini haizami. Wifi akanigeukia. "Wifi yangu, nisaidie."

Nilimwacha asimame kidogo. Kisha nikapandisha khanga, nikaingia, nikafungua chupa kubwa, nikatia mchanga kiganja kimoja na kufunga. Nikanyonya. Ikazama taratibu hadi chini.

"Ulijua," akaninong'oneza.

"Mtu wa Fukayosi nijue nini?"

Funguo za maabara ninazo mimi. Wifi huja kuniomba kila anapokuwa na kipindi. Huwa namwambia asubiri, namalizia chai.