Magoti ya Ayinke

Hapa kwetu Itoku, mtaa wa watia vitambaa rangi, mtu akilalamikia maisha yake, tunamfunga mdomo kwa maneno mawili tu: ulipiga magoti. Kila mtoto anajua maana yake. Kabla hujazaliwa ulipiga magoti mbele ya Muumba ukajichagulia kichwa, na kilichomo ndani ya kichwa hicho ndicho utakachoishi mpaka ufe. Sasa unamlilia nani?

Dada Ayinke, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliambiwa hivyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Niseme mapema kwamba mimi ni mmoja wa waliomwambia.

Siku ya tatu baada ya kuzaliwa, nyayo zake zilikanyagishwa unga wa ubao wa ramli, kama wanavyofanyiwa watoto wote. Mzee Fagbenro, mpiga ramli wetu, akausoma ule unga, akasema kichwa cha mtoto huyu kimechagua mitungi ya nili, rangi ya buluu ya kuchovyea vitambaa, na nyumba ya mama yake. Akitoka, kichwa kitamgeuka. Mama yake, Awero, aliyarudia maneno hayo mpaka yakawa kama jina la pili la mwanawe.

Na kazi aliiweza. Kuchora kitambaa kwa unyoya wa kuku na uji wa muhogo kabla hakijachovywa kwenye nili, mtaa mzima hakuna aliyemfikia. Ila hakuipenda, na hakuna aliyemuuliza. Alipotimiza miaka ishirini alipata barua ya nafasi ya kusomea uuguzi Ibadan. Mama akamkumbusha nyayo zake, na Ayinke akaichana ile barua kwa mikono yake mwenyewe, iliyokwisha kuiva nili hadi viwiko.

Miaka miwili baadaye akaja Sunmonu, seremala wa Ijebu-Ode, mcheshi, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Alimtaka kweli. Ayinke alilia siku nzima nyuma ya mitungi. Mimi, kijisichana cha miaka kumi na sita, nikampelekea maji ya kunywa, na juu ya maji nikaongeza, "Dada, unalia nini? Si ulipiga magoti mwenyewe?"

Akafuta machozi, akarudi kwenye unyoya wake. Sunmonu akaenda kuoa kwingine. Mdogo wake Ayinke, Molara, ambaye nyayo zake zilisomwa kuwa za kusafiri, akaolewa Lagos na kutuletea picha.

Mwaka jana Sunmonu alirudi. Amefiwa na mkewe, mvi zimemwingia, na neno lake ni lile lile la miaka thelathini iliyopita. Ayinke hakumkatalia wala hakumkubalia. Alisema ataenda kwa Fagbenro kwanza, huenda kichwa kikatulizwa kwa sadaka kikamruhusu. Alikuwa na matumaini, maskini. Alinunua kola nzuri, zile kokwa za kutafuna anazopelekewa mzee, akaniomba nimsindikize.

Mzee amepita miaka tisini na macho hayaoni tena. Ayinke ana sauti ya mama yake, huwezi kuzitenganisha. Alipiga magoti mlangoni akamsalimu, na mzee akacheka.

"Awero, umerudi tena wewe? Haya, na huyu naye nimsomee nini? Akae nyumbani kama yule wa kwanza, au aende?"

Ayinke hakumsahihisha. Aliuliza taratibu, "Yule wa kwanza, baba, unga ulisema nini hasa?"

"Nani alikuwa anautazama unga? Ulilia hapa hapa ukasema wanaume wako hawakai, unataka mtoto mmoja abaki nawe. Nikakuonea huruma."

Zile kola tuliziacha pale pale. Njia nzima mimi nilikuwa nachemka kwa niaba yake.

Tulimkuta Mama Awero mkekani anakula amala, ugali wetu wa viazi vikuu. Ayinke, na miaka yake hamsini na kitu, humpigia magoti mama yake asubuhi na jioni, kama inavyopasa. Siku ile alisimama. Mama aliyatazama magoti kwanza, kisha uso.

"Kumbe ni wewe uliyechagua, mama," Ayinke akasema. "Fagbenro ameniambia."

Bibi yule hakushtuka, na hilo sitamsamehe. Alinawa vidole taratibu kwenye bakuli.

"Na mimi nani alinichagua? Ulipopiga magoti kule, mwanangu, ulimwona Awero na tabia zake zote, ukasema namtaka huyu. Usinisumbue, nakula."

Ukikaa, ulichagua. Ukiondoka, ulichagua. Ukidanganywa, ulimchagua anayekudanganya. Ayinke aliingia ndani, akampigia simu Molara aje Ijumaa amchukue mama, kwa kuwa yeye nyayo zake ni za kusafiri.

Ijumaa Molara alifika amenuna. Ayinke alitoka na mfuko mmoja, anakwenda Ijebu-Ode. Mama yake akamwambia kwa nyuma, bila hasira, "Nenda tu. Hilo nalo ulilichagua."

Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Alisimama hapo muda mrefu, na niliona kabisa kwamba hata safari yake mwenyewe ameibiwa. Kisha akauvusha mguu wa pili.

Nilimwahi uani nikapiga magoti mbele yake, kwa maana kwa umri ni dada yangu mkubwa, nikamwomba anisamehe lile neno la siku ya Sunmonu.

"Inuka, Wuraola," akasema, huku akipita. "Nyinyi na magoti yenu mmenichosha."