Alama za Wanangu

Fundi aling'oa mlango wa chumba changu nikiwa shambani, akaupeleka Nassa, kando ya ziwa, kutengenezea kitanda ndani ya boti kuukuu aliyoinunua mume wangu wakati biashara ya samaki wa sangara ilipoachiwa watu binafsi. Kwa kuwa sijui kuandika, urefu wa wanangu niliuchora kwenye mlango huo kwa kisu, kila mwaka alama. Nikamfuata fundi huko. Hupiga hodi kabla ya kuingia botini, hata kama hamna mtu, lakini kwangu hakupiga. Kila ubao huupapasa kwa kiganja. Mbao zote za mlango alizipiga randa, isipokuwa penye alama.

“Mbona hapa umepaacha?”

“Mayu, hapo mkono ulikataa,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, macho chini.

Alinihurumia au alinicheka? Sielewi. Nalala pasipo mlango, na ninayemdai ni mume wangu aliyemtuma fundi.