Nywele za Mbele

Nywele za mke wangu zilianza kupotea mbele, juu ya masikio na kando ya paji la uso, na kwa muda mrefu nilitaka kujua kwa nini ziwe za mbele tu. Katikati zilikuwa nyingi na nene kama siku nilipomwoa. Kisogoni vilevile. Lakini paji la uso lilizidi kupanda kidogo kidogo, mpaka akaanza kufunga kilemba hata jikoni, kisha hata kitandani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni. Mara Tunduma, kule mpakani, ikafurika bidhaa, na sisi wenye vijiduka mtaani Mazwi tukawa tunapanda basi kwenda kuchukua mitumba, betri, mafuta ya kujipaka na rasta, zile nywele za bandia za kusukia. Wanawake wa kwetu walizoea kusuka nywele zao wenyewe, mistari ya twende kilioni, au kuzifunga kwa uzi mweusi. Rasta ziliwapa nywele za kufika mgongoni. Nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzileta mtaani, na nilimsukisha mke wangu ili wateja waone. Alikaa nyuma ya kaunta akigeuza kichwa taratibu, kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa.

Shida ni kwamba rasta ziliisha upesi, na masika barabara ilikuwa tope tupu. Ndipo ulipozuka mtindo tulioita kurudia mbele. Rasta zikichakaa, hazikufumuliwa zote. Msusi alifumua mstari wa mbele tu, ule unaoonekana, akausuka upya kwa rasta zilezile na kuukaza, na kichwa kizima kikaonekana kipya. Sijui nani aliuanzisha. Najua nani aliusifia. "Mama, usifumue," niliwaambia wateja, "rudia mbele tu, utafika nazo mavuno." Walinishukuru, na mke wangu ndiye aliyekuwa mfano wao.

Nywele zilipoanza kumtoka mke wangu, nilitafuta sababu kila mahali isipokuwa hapo. Nililaumu maji ya kisima. Nikabadilisha sabuni. Nikalaumu upepo wa Julai, ule unaopasua midomo, nikasema kama unakausha midomo utashindwaje na ngozi ya kichwa? Shangazi yangu alikuja kutoka Namanyere, akasema kuna mtu anaokota nywele zinazodondoka na kuzifanyia mambo. Kwa hiyo tukaanza kuzichoma, na kwa kuwa zilichanganyika na rasta, nyumba nzima ilinuka plastiki. Hospitalini daktari aliuliza kama aliugua homa kali au kama alijifungua karibuni. Hapana na hapana. Tukarudi na vidonge vya vitamini.

Binti yetu alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alinisaidia dukani huku tukimtafutia shule ya kulipia, na kwa kuwa hakuwa tena mwanafunzi wa kunyolewa, naye alisukwa rasta. Mwaka huo alipata kipaimara. Jumamosi, siku moja kabla Askofu hajaja, msusi alifika kwetu kumrudia mbele. Alikuwa jirani, mwanamke wa Mbeya ambaye mumewe alifanya kazi serikalini, rafiki mkubwa wa mke wangu. Walikaa juani uani. Mimi nilikuwa pembeni nikichambua maharage ya duka.

"Mama mdogo, inauma."

"Isipouma italegea. Unataka rasta ikudondoke kwenye viatu vya Baba Askofu?"

Binti akacheka, akatoa machozi, akacheka tena.

Nilisogea kutazama. Kila msusi alipovuta, ngozi iliinuka pamoja na nywele kama turubai linavyoinuliwa na kamba. Nyusi zilipanda mpaka mtoto akawa na uso wa mtu aliyeshtuka. Kwenye mashina ya nywele palikuwa na vipele vyenye vichwa vyeupe.

"Shemeji, unanizibia jua."

"Hapa mbele umerudia mara ngapi tangu Pasaka?"

"Nitajuaje? Kila zikichakaa."

"Na hapa katikati?"

"Katikati hapaguswi. Si wewe mwenyewe unawaambia watu wasifumue?"

Niliweka ungo chini. Katikati hapaguswi, na katikati ndipo nywele za mke wangu zilipobaki. Mbele palivutwa, na kabla ngozi haijapoa palivutwa tena. Niliinama kutazama panja la binti yangu. Tayari palikuwa na sehemu ndogo, kama ukucha wa kidole gumba, yenye vinyweleo vyepesi kama vya mtoto mchanga.

"Fumua," nikamwambia msusi.

Binti akashika kichwa kwa mikono miwili. "Baba! Kesho ndiyo siku yenyewe! Wenzangu wote wamesukwa. Mimi nisimame pale kama kuku aliyenyonyolewa?"

"Shemeji ana malaria," msusi akasema.

Sikueleza. Nilisema mimi ndiye baba na nimesema fumua.

"Lakini wewe ndiye uliyezileta," binti akajibu, "na ulisema nimependeza."

Nadhani ningebaki nikipiga kelele tu kama mke wangu asingetoka jikoni. Alikuja akaketi kwenye mkeka mbele ya binti yake, akafungua kilemba. Hata mimi sikuwa nimeona kichwa chake mchana kwa muda mrefu. Kutoka sikio moja hadi jingine ngozi ilikuwa laini na inang'aa, haina hata vitundu ambamo nywele hutokea.

Binti alinyoosha kidole, akagusa.

"Inauma, mama?"

"Haiumi. Zamani iliuma, kama yako. Nilifurahi sana ilipoacha."

Msusi alibaki na kitana mkononi. Kisha binti akageuza shingo.

"Mama mdogo, fumua mbele. Mbele tu, nyuma nabaki nazo."

Kesho yake alipanga foleni kanisani, mbele nywele zimesimama kama brashi, nyuma rasta ndefu. Wenzake walimwita jogoo. Alipita, akapakwa mafuta kwenye paji la uso, akarudi kwenye benchi akiwa amenuna. Jumatatu alifumua zilizobaki.

Nilianza kumkagua kila Jumapili dirishani. Vipele vilikauka kwanza. Lile eneo lilikaa vilevile kwa wiki nyingi nikaogopa, halafu vinyweleo vikaanza kuwa vyeusi. "Baba," akaniambia siku moja, "hizi ni nywele, si shamba la ulezi. Acha kupalilia."

Kwa mama yake hapakuota kitu. Nilimpaka mafuta ya mbarika, nikampaka maji ya kitunguu mpaka mto ukanuka. Alinivumilia, kisha akakataa. "Ulitaka kujua sababu, umeijua. Sasa niache nilale." Rasta niliendelea kuuza, ila wateja nikawaambia wafumue zote, wapumzishe kichwa. Wengine walicheka na kuniuliza kama biashara imenichosha.

Januari binti alipata shule ya bweni ya misheni, na sharti mojawapo lilikuwa kunyoa. Mama yake alimnyoa uani kwa wembe, na alipomaliza mbele nikasogea. Palepale penye panja, vishina vyeusi vilikuwa vimepanga mstari mzima, bila pengo. Mke wangu alipitisha kidole gumba juu yake, polepole, upande mmoja kisha mwingine.

"Zimerudi zote," akasema. "Haya, inama, bado kisogo."